Mlango Umevimba, Baba na Mke Wangu Wamo Ndani

Mama Eufrasia mpendwa, nakuandikia alfajiri hii nikiwa nimeegemea mlango wenyewe, tafadhali nisomee leo leo kwenye kipindi chako cha redio maana nimekwisha. Mimi ni Lusungu, seremala wa Talatala huku Kyela, nilipata mbao za Ulaya zilizobaki kwenye ujenzi wa hoteli moja Matema, zinaitwa buche, ngumu, nzito, ukizipiga randa zinateleza kama sabuni, na fundi aliyenipa akasema zinakunywa maji sana, nisizitumie nje, mimi nikaona ananionea wivu, nikatengeneza mlango wa stoo, nikaubana hata sisimizi hapiti, ili wenye hoteli wauone wanipe kazi ya milango kumi na miwili. Jana mchana baba yangu, mzee Angetile, akaingia stoo kuukagua, akajifungia aone unavyobana, hakujua mke wangu Asifiwe yuko nyuma ya magunia anapima mpunga, na kwetu Wanyakyusa wa zamani mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani, miaka sita wamekwepana hadi njiani, basi mvua ikashuka, mlango ukavimba, haufunguki, na dirisha lina nondo nilizochomelea mwenyewe. Baba kajifunika ungo usoni, akitaka maji ananipigia kelele mimi niliye nje, "Lusungu, mwambie mkeo asogeze ndoo!" nami namwambia mtu aliye hatua mbili kutoka kwake. Je, niukate mlango nikose kazi, au nisubiri kiangazi? Ndaga fijo, asante sana.

Lusungu, kiangazi? Mvua za Kyela unazijua, halafu unauliza hivyo? Pole, najua kazi nzuri inauma kuikata. Lakini fundi alikwambia ukweli. Buche ni mbao ya ndani, pakavu. Ikipata unyevu inavimba, ikikauka inapasuka, ikikaa nje inaoza. Haina harufu wala ladha, kwa hiyo chonga miko na vibao vya kukatia mboga, au viti vya sebuleni. Milango tengeneza kwa mninga, na uache nafasi. Wenye hoteli waambie hivyo hivyo, kabla hujamfungia mgeni wao chooni.

Tena kuna usilolijua. Asifiwe naye ana simu, ameniandikia. Mzee ameweka ungo chini tangu asubuhi, amemwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza, na sasa anamsimulia ulivyokuwa unakojoa kitandani hadi darasa la tano. Wanacheka chinichini usisikie, mpaka machozi. Anachoogopa mkeo ni mlango kufunguka, watu watazame, mzee aone aibu aanze tena kumkwepa.

Kwa hiyo chukua msumeno leo. Fukuza majirani wote uani. Kisha piga hodi, seremala, usiguse ubao mpaka Asifiwe mwenyewe aseme karibu.