Swali la Kumi na Moja

Jumatatu, 12 Mei 2025

Baridi ya Sumbawanga! Nilitoka Mbeya nikijidai baridi ni ya kwetu. Leo nimevaa sweta mbili chini ya koti.

Mwezi wa pili huku, mafunzo ya vitendo. Udaktari bingwa wa watoto ninao tayari. Sasa nasomea ubobezi wa ukuaji na tabia za watoto. Mama yangu bado anauliza kama kweli kuna mtu anasomeshwa kutazama watoto wakicheza. Kuna. Ni mimi.

Leo kaja Lucia, miaka minne, kutoka Laela. Hasemi neno hata moja. Hakumtazama mtu, saa nzima alipanga vifuniko vya soda kwa rangi. Mama yake, Kalista, alijibu dodoso lote kwa adabu, mikono mapajani. Swali la kumi na moja: akiitwa, anakuja? Anakuja, alisema. Nikatikisa kopo la maharage nyuma ya mtoto — akageuka. Mashine ya kupima masikio iko Mbeya. Nikaandika: anasikia.

Usonji. Sina shaka. Profesa Fanueli, msimamizi wangu, atafurahi. Nilikuwa natafuta mtoto wa namna hii kwa ajili ya mtihani wa mwisho.

Jumatano, 14 Mei

Nimewaambia wazazi. Baba, Felisian, mnunuzi wa mahindi, alikaa karibu na mlango kama mtu wa kuondoka. Kumbe miaka miwili anasema mtoto kaharibiwa na ukoo wa mkewe. Nikamweleza: ni ubongo ulivyoumbika tangu tumboni, hakuna wa kulaumiwa. Kalista akaomba maneno hayo niyaandike kwenye karatasi, na mhuri. Nikaandika, nikagonga mhuri. Akalia. Mimi nikajiona mtu wa maana sana.

Alhamisi, 5 Juni

Nesi Salome, ambaye kwao ni Laela, kaleta habari. Kalista alisimama kwenye jumuiya yao ya kanisa akasoma barua yangu mbele ya watu! Wanawake waliokuwa wakimkwepa sasa wanapokezana kumshikia mtoto. Felisian ameanza tena kula nyumbani. Na Profesa kaisifu kesi yangu kwa wenzangu wote. Mtihani tarehe 30. Nimekula ugali wa ulezi kupita kiasi.

Jumamosi, 21 Juni

Laela. Ziara ya nyumbani, sharti la mwisho la faili.

Kalista alikuwa anapukuchua mahindi uani. Lucia yuko mbali kidogo, ametupa mgongo, anapanga magunzi. Tunaongea habari za mavuno. Kalista, bila kukatiza maneno yake, akachukua punje moja akamrushia mtoto mgongoni. Lucia akageuka, akaja mbio, akamtazama mama yake usoni. Usoni kabisa!

Nikauliza kwa nini amemrushia punje. Alilishangaa swali langu.

"Si namwita, daktari."

Na kabla ya mavuno? Humrushia harage. Au humpungia kanga. Tangu lini? Hakumbuki vizuri, labda tangu ile homa kali, alipokuwa na mwaka mmoja.

Nikaomba sufuria na mwiko. Nikazunguka nyuma ya mtoto, upande ambao kivuli changu hakimfikii, nikagonga. Kuku wakatawanyika. Lucia akaendelea na magunzi yake.

Siku ile ya kopo dirisha lilikuwa nyuma yangu. Aligeukia kivuli. Na Kalista hakunidanganya hata kidogo. Niliuliza kama anakuja. Sikuuliza anamwitaje.

Sikumwambia kitu. Nilimaliza uji, nikashukuru, nikapanda gari. Mwoga mkubwa.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekaa na faili.

Hata mwanafunzi wa chuo anajua: mtoto asiyesema, anza na masikio. Nilijua. Lakini niliutaka usonji, nikaupata. Kila nilichokiandika siku ile kinaelezeka kwa mtoto asiyesikia tangu ana mwaka mmoja.

Kinachoniuma zaidi — kosa langu limemfaa yule mama. Mume karudi, majirani wamerudi. Nikiitengua barua, je, wataamini ya pili? Watasema hata madaktari hawajui, basi ni ukoo. Nikinyamaza, Lucia anabaki bila lugha yoyote, ya mdomo wala ya alama, na umri wa kujifunza unampita. Nimeona aibu leo, aibu ya kweli.

Jumatatu, 23 Juni

Nimempigia Profesa. Akauliza nani mwingine anajua. Hakuna, nikasema, nimeanza na wewe Profesa.

"Basi umeanza na mtu asiyehusika."

Mtihani unaweza kusubiri mwakani, alisema. Mtoto hawezi. Akakata simu.

Jumanne, 24 Juni

Naandika nikiwa uani kwa Kalista. Yeye kaingia ndani.

Nimemwambia yote. Kwamba nilikosea. Kwamba huenda ni masikio, na homa ile ndiyo iliyoyaharibu. Kwamba vipimo viko Mbeya na nitawapeleka mwenyewe. Kwamba bado hana kosa, jana wala leo. Alinisikiliza mikono mapajani. Kisha akauliza, polepole:

"Kwa hiyo usiku nikimbembeleza, huwa namwimbia nani?"

Nikaanza kueleza habari za vifaa vya kusikia, nikajisikia nabwabwaja, nikaacha.

Nikasema nitaandika barua nyingine, yenye mhuri, awasomee. Akatikisa kichwa. Leo jumuiya inasali hapa kwake, ni zamu yake.

"Utawaambia wewe, daktari. Mimi nilishasimama mara moja."

Wa kwanza wameshaingia, na vigoda vyao. Mmoja kamweka Lucia mapajani bila hata kuuliza. Felisian kafika sasa hivi kutoka sokoni, bado hajui lolote. Kanikaribisha kwa furaha, na kiti changu kakiweka mbele ya wote.