Sabuni Mia Mbili na Ishirini

4 Mei

Mdogo wangu,

Jana saa kumi jioni, mlangoni pa karakana yangu ya sabuni, nimekupoteza. Mengine ni mema: mimi mzima, nawe nakuombea uzima.

Ulikuja na shangazi wa mchumba wako kutafuta zawadi za wageni wa harusi zisizo ghali. Nikafuta mikono nikupokee. Yeye akaniita fundi, akauliza vipande vidogo nauzaje. Nikakutazama, unitambulishe. Ukasema, "Huyu ukimkazia kidogo, shangazi, anashusha."

Nimekulea miaka kumi na minne, tangu tuwazike wazazi, wewe una tisa. Jana ulisimama pale dakika ishirini na tano, nilihesabu, na neno "dada" halikukutoka.

Nieleze.

Dada yako

13 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Kifua kimeacha kubana? Mimi salama.

Usilitie moyoni. Siku ya kwanza waliniuliza habari za kwetu, nikasema sina mtu, nimekulia shule ya bweni. Lilinitoka tu, na sasa limeshakaa. Wale ni watu wa vitabu. Nikikutambulisha leo, na mikono yako hiyo iliyobabuka kwa magadi, nitaeleza mpaka lini?

Ila sabuni zimewapendeza. Wanataka mia mbili na ishirini. Usigonge muhuri wako, una jina la baba. Tarehe 31 zilete saa mbili asubuhi, mlango wa jikoni. Nimemwambia mpishi akuwekee sahani. Tukikutana ukumbini, niite bibi harusi kama wengine.

Nakupenda.

Mdogo wako

24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua bado kinabana, ahsante kwa kuuliza.

Sabuni huachwa ikauke wiki nne, la sivyo inachubua ngozi. Zako nilizimimina jioni ile ile mlipoondoka, kabla hamjaniagiza, maana nilijua siku ya harusi na hesabu ya wiki nne hainingojei nimalize kulia. Muhuri sikugonga.

Nimechapisha karatasi za kufungia, aina mbili. Moja nyeupe, tupu. Nyingine imeandikwa: "Ahsanteni kwa kuja. Bibi harusi nimemlea mimi, dada yake, kwa sabuni kama hii." Zipo za kutosha ukumbi mzima, na kumi za ziada kwa wakwe zako.

Ukisema mimi ni fundi, naleta zenye karatasi tupu, mlango wa jikoni, na sahani hiyo mpishi ampe mwingine. Baada ya hapo kwangu usije, hata wakikufukuza na mtoto mgongoni. Ukisema ni dada, napita mlango wa mbele, gauni nimeshashona. Ukinyamaza, nazifunga kwa karatasi zenye maandishi.

Maelezo yako nimeshayasoma, sihitaji mengine. Mimi ni dada yako au ni fundi? Neno moja, linifikie Alhamisi tarehe 29, kabla ya saa sita mchana.