Mate ya Baba Mkwe na Sindano ya Kimberly

Nyumbani kwa Mzee Kiptum,
Rongai, Nakuru.
7 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Lynn,

Nilikuwa nimefika pale baba mkwe aliposema mate yake hayajawahi kuua mtu, simu ikakatika. Ngoja nimalizie kwa kalamu.

Lakini kwanza, hujambo? Unaendeleaje na joto la Voi, na yale magoti? Sisi huku ni wazima. Mvua imetukubali, mahindi yameshika vizuri, na mimi, Shangazi, bado naamka namtazama mume wangu Kipkemei amelala na kujiuliza kama kweli huyu ni wangu. Jumapili alinipashia maji ya kuoga bila kuombwa. Majirani wanasema atachoka. Wacha waseme.

Sasa turudi kwa mate. Zeddy, dadake Kipkemei, alijifungua msichana mwezi wa kwanza, Kimberly. Katika boma hili mtoto hajawa wa nyumbani mpaka babu amweke mapajani, ajaze maziwa mdomoni na kumnyunyizia kifuani. Hata mimi nilinyunyiziwa siku ya harusi, na gauni langu mpaka leo lina harufu ya maziwa. Nalipenda hivyo hivyo.

Wiki iliyopita Zeddy alimleta mtoto, mzee ameshashika kibuyu. Tatizo ni kwamba mzee alikuwa akikohoa, na Kimberly alikuwa amebakisha sindano ya tatu ya kuzuia nimonia. Zeddy akamwomba angoje.

“Niliwabariki nyinyi wote kwa mdomo huu,” mzee akasema. “Nani alikufa?”

“Hakuna, baba. Lakini Kipkemei alilazwa.”

Shangazi, hilo sikuwahi kuambiwa. Kumbe mume wangu akiwa mdogo, kabla sindano hii haijakuja, alilazwa na nimonia, watoto wawili kitanda kimoja, na mama mkwe alishaanza kumlilia. Nilimshika mkono mbele ya wazee. Sikuona haya.

Mzee akasema kama mdomo wake ni ugonjwa, basi mtoto huyo hatambariki kamwe. Zeddy akalia, maana hapa mtoto asiyebarikiwa na babu hukua kama mgeni kwao. Mama mkwe ndiye aliyemwambia mzee aende kliniki akaulize mwenyewe.

Jana tukaenda sote. Nesi Cherop alimweleza kwa heshima kwamba tangu watoto waanze kudungwa sindano hii, wale wanaoletwa na nimonia kali au homa ya uti wa mgongo wamepungua sana. Hata wazee wamepata nafuu, kwa sababu vijidudu vya magonjwa hayo hupenda kukaa puani mwa watoto wadogo, na wao huwaambukiza wanaowabeba.

Mzee alisikia hayo ya mwisho tu.

“Kumbe huyu ndiye anayeniletea kikohozi,” akasema, akihama benchi. “Mdungeni haraka.”

Kimberly akadungwa pajani, akapiga kelele. Kugeuka, tunamwona mzee amekaa kwenye foleni katikati ya akina mama, suruali ameikunja mpaka juu, paja nje.

“Mzee, shusha suruali. Sindano hii ni ya watoto,” nesi akamwambia.

“Na mimi ndiye ninayekohoa.”

Akatumwa kwa daktari wa kumpima kifua, akaenda akinung'unika kwamba serikali inapendelea wadogo. Kipkemei alicheka mpaka akaniegemea begani. Nilitamani mzee aikunje suruali tena.

Basi ameamua mwenyewe, na hakuna anayembishia: kikohozi kiishe, sindano ikolee mwilini, halafu atambariki Kimberly Jumamosi ya tarehe 24. Zeddy ameanza kuimba tena jikoni. Kwa sasa mzee anashinda getini, na hakuna mama anayepita na mtoto mgongoni bila kuulizwa amefikia sindano ya ngapi. Jirani yetu Awuor, aliyekuwa ameruka ya pili, leo asubuhi amekimbilia kliniki na mtoto wake. Anasema afadhali sindano kuliko mdomo wa mzee.

Nisalimie mwanao Ndegwa na mke wake, na umbusu mtoto wao kwa niaba yangu. Mungu akuweke, akupe usingizi mzuri na miguu isiyouma.

Baraka zikiisha tu, mimi na Kipkemei tunapanda gari kuja kwako, na mzee amekataa kubaki. Kwa hivyo mwambie Ndegwa kama mtoto hajamaliza sindano, ampeleke sasa, maana kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni pako, na mzee ndiye atakayepiga hodi.

Mtoto wako wa siku zote,
Wachuka wa Kipkemei