Soko la Ijumaa na Mshipi wa Baba

Isfara, 1 Juni 2020

Kwa binti yangu Mavzuna,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Vipi wewe na hiyo hospitali yenu ya huko Samara, Urusi? Unakula? Nesi anayesahau kula ni mgonjwa aliyechelewa kulazwa tu.

Nina neno. Soko letu limefungwa tangu Aprili kwa hii korona, na mishmishi zimeanza kugeuka njano. Tunda lenyewe unalijua, likiiva halikungoji hata umalize chai. Nilikwenda wilayani, mimi mwenyekiti wa soko, nikakaa kwenye benchi lao mpaka wakachoka kuniona. Wamenipa Ijumaa mbili za majaribio. Zikiharibika, soko litafungwa mpaka mwakani, na jasho la kijiji kizima litaozea mitini. Niambie nifanyeje watu wauze na wasiugue.

Mama yako

Samara, 2 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, uchovu tu.

Nilitaka kukwambia ufunge. Jana nimefunika uso wa mama wa rika lako. Lakini nakujua, ukishakaa kwenye benchi huinuki mikono mitupu. Basi weka mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Kati ya meza na meza acha nafasi ya punda na mkokoteni wake. Maji na sabuni langoni, barakoa kwa kila mtu. Muuzaji peke yake ndiye aguse matunda, na asionje mtu.

Kazi kubwa ni Baba. Udalali wake wote uko mkononi, asipowashikanisha muuzaji na mnunuzi mikono, akaitikisa mpaka wakubaliane, akasema "Baraka!", kwake hapo hapana bei. Safari hii asimshike mtu. Nami najua asivyopenda kubadilika. Nilipoondoka kuja huku bila ridhaa yake, aliificha mikono ndani ya joho, na hiyo "Baraka" anayowapa hata wauza kondoo vilema akaninyima mimi. Msalimie, hata asipojibu.

Bintiyo

Isfara, 6 Juni

Mavzuna wangu,

Salamu nyingi. Afya tunayo, amani ya nyumbani ndiyo imetutoka.

Jana tulifungua. Barakoa nimezishona mwenyewe kutokana na mapazia ya sebuleni, kwa hiyo soko zima lilikuwa na maua mekundu usoni. Wamepanga foleni, wamenawa, wamenuna. Sadbarg, jirani yetu, alinikaba kwenye meza ya kwanza: "Ninunue kitu ambacho sijakiuma? Mume nilimchukua kwa kusifiwa tu, Zulhumor. Kosa hilo sirudii!" Hata afisa wa wilaya alicheka.

Halafu baba yako. Alivumilia mpaka saa nne. Mara namwona kamkamata mnunuzi mkono wa kulia, muuzaji mkono wa kulia, anatikisa kama anachota maji kisimani. Na afisa kasimama papo hapo! Nikapuliza filimbi. Nikamwambia mbele za watu, "Dalali, toka nje." Akasema, "Unamfukuza mumeo?" Nikamwambia mume wangu yuko nyumbani, hapa mimi namwona mvunja sheria. Akatoka.

Afisa kasema Ijumaa ijayo mkono ukigusana na mkono, anafunga. Baba yako halali tena chumbani kwangu, amehamia darini, na oshi yangu, pilau aipendayo, haigusi. Nimeumia, mwanangu, lakini ningepuliza tena.

Mama yako

Samara, 27 Juni

Mama,

Shikamoo. Wiki tatu kimya. Simu yako inaita tu. Ijumaa ya pili imepita na sijui lolote. Kama soko limefungwa, sema. Kama ni Baba, sema pia, mimi nesi, nimeshazoea kuambiwa. Usinifiche.

Bintiyo

Isfara, 4 Julai

Mavzuna, roho yangu,

Salamu, na unisamehe. Sote wazima. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kujisifu kabla ya kujua kama kuna atakayeugua. Sasa najua. Hakuna! Hakuna hata wa kikohozi!

Sikiliza. Ijumaa ile ya pili baba yako alisimama langoni tangu alfajiri, kafunga juu ya joho ule mshipi wake mrefu wa harusi. Nikatayarisha filimbi. Bei ya kwanza ilipokwama, akaufungua, akampa muuzaji ncha moja, mnunuzi ncha ya pili. Yeye mwenyewe akarudi nyuma, akaukamata katikati kwa mkongojo wake wenye kulabu na kuanza kuutikisa juu na chini. "Ongeza! Punguza! Ongeza!" Wamekubaliana, akapaza sauti, "Baraka!" Watu wakapiga makofi. Mshipi ukachovywa kwenye ndoo ya sabuni, ukangoja bei nyingine. Kufika adhuhuri hapakubaki kasha la mishmishi, na afisa aliondoka na mawili, kayanunua kwa mshipi.

Soko halifungwi. Jana wamekuja wenyeviti wa masoko mawili ya jirani kutuiga, nami nimewatembeza kifua mbele. Baba yako ameshuka darini. Kaniambia, "Muulize huyo nesi wako kama urefu unatosha." Ndiyo salamu yake hiyo, ipokee.

Mama yako

Isfara, chumba cha juu, 20 Septemba

Mama yangu uliye chini jikoni,

Shikamoo. Oshi imefika mlangoni ikiwa moto. Nimekubali siku zangu za kukaa peke yangu baada ya safari ya kutoka Samara, usizidi kunikumbusha kwa filimbi.

Asubuhi ulipokwenda sokoni, Baba alikuja chini ya dirisha. Hakusalimu. Aliurusha mshipi mpaka nikaudaka, akashika ncha yake, akaanza kutikisa.

"Unakaa mpaka lini?"

"Mpaka theluji, Baba."

"Bei ya kitoto. Ongeza!"

"Mpaka sikukuu ya Nauruzi, theluji ikiyeyuka."

"Ongeza!"

"Mpaka mishmishi ziive. Halafu narudi kazini, na safari hii unanisindikiza."

Mama, aliacha kutikisa. Nilidhani ataondoka kama mwaka ule. Akauvuta mshipi ukakaza, akaniangalia, akasema kwa sauti ambayo nadhani hata huko sokoni mliisikia: "Baraka!"

Urefu unatosha. Mwambie.

Bintiyo