Skafu ya Kipindi cha Kumi na Nne

Jumatatu, 6 Februari

Joto digrii arobaini na moja. Shuka za kule nyumba ya wazee ninakofanya kazi zimekauka kabla sijamaliza kuzianika. Nimerudi, nimevua viatu, nikafungua kompyuta ya zamani ya mwanangu Tam. Kabla hata ya kunywa maji natazama ule ukurasa wa "Mabadiliko ya Karibuni".

Yupo! Saa tano ameweka koma. Saa sita kasoro amebishana na mtu kuhusu kofia ya dereva. Basi yu mzima. Mgonjwa habishani kuhusu kofia.

Miezi kumi na minne mwanangu hajanipigia simu. Yuko Perth, ng'ambo ya pili ya Australia, sijui mtaa gani. Ila kila siku anaandika kwenye tovuti ya Stesheni Mulgara, ule mchezo wa watoto wa zamani kwenye TV, wa stesheni ya jangwani wanakoshukia abiria kutoka nyota nyingine. Mashabiki wanaiandika wenyewe, kila kipindi na ukurasa wake. Wiki, ndivyo wanavyoiita. Yeye humo ni TamReli.

Mama wengine hupata barua. Mimi napata koma.

Jumanne, 7 Februari

Jirani yangu Glenys kaja na keki za nazi, kaniuliza kwa nini simpigii mimi. Nimepiga! Hapokei.

Kosa ni langu. Mume wangu Col alipofariki nikahamia huku kwenye nyumba ndogo, na makasha ya kanda za video nikayapeleka jalalani. Nilijua nini mimi? Kumbe kanda moja ilikuwa na kipindi cha kumi na nne. Hata waliokitengeneza hawanacho tena. Dunia nzima ilibaki hiyo moja, na Tam alishawaahidi wenzake. Alilia pale jikoni kama siku ya kumzika baba yake. Kisha akaondoka.

Ukurasa wa kumi na nne mpaka leo umeandikwa: Kimepotea. Naufungua kila siku, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu.

Lakini mimi nilikiona! Tam ana miaka saba, tetekuwanga mwili mzima, kichwa pajani pangu. Ile TV ya Col ilikuwa imekufa rangi nyekundu, watu wote kijani kama wanataka kutapika. Tulivyocheka!

Glenys akasema, "Shoga, si uandike basi? Unangoja ruhusa ya mfalme?"

Mimi? Niliyeacha shule na miaka kumi na nne?

Jumatano, 8 Februari

Nimeandika. Nimejiita Mama wa Pirie, kwa jina la mji wetu. Mistari sita, asubuhi nzima. Kwamba mkuu wa stesheni, Bi Odel, alivua ile skafu yake nyeupe ya siku zote, akamfunga mtoto abiria shingoni. Treni ikaondoka. Akabaki anapunga mkono mpaka vumbi likatulia.

Dakika nne tu—imefutwa! Msimamizi wao, anajiita Bwana Ishara. Chanzo kiko wapi? Nikamjibu chanzo ni macho yangu. Akasema hapa hatuandiki ndoto. Mwingine akadakia: leo bibi, kesho paka wake. Wakacheka sana. Kumbe ndivyo wanavyokaribisha wageni. Mtu mmoja akajaribu kunitetea, wakamwambia hata yeye sheria hazijui.

Glenys anasema Bwana Ishara hana mtu wa kumpikia.

Alhamisi, 9 Februari

Mungu wangu, nimefanya nini!

Wamefungua kesi. Bwana Ishara anaona kila mtu anaandikia mashine gani, na hii yangu ndiyo Tam alikuwa akiitumia zamani. Eti Mama wa Pirie na TamReli ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Kwao hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Na akaongeza: huyu ndiye aliyetuahidi kanda, kanda haikuja, sasa anatuletea shahidi wa kubuni.

Nikaandika: MIMI NI MAMA YAKE KWELI. Wakajibu kwamba jina la uwongo lingesema hivyohivyo.

Kura hadi Jumapili saa sita mchana. Akishindwa anafukuzwa daima. Miaka kumi na mmoja ya kazi yake! Na mimi nitajuaje kama yu hai?

Bwana Ishara amemwuliza mbele ya wote: unamjua mtu huyu?

Ijumaa, 10 Februari

Hajajibu. Hata koma hakuna.

Jumamosi, 11 Februari

Tangu alfajiri naufungua ule ukurasa wa mabadiliko: hayupo.

Nimekaanga nyama ya mbavu, vipande viwili. Mkono umezoea viwili.

Akisema hapana, hawatamwamini—mashine ni ileile. Akisema ndiyo, ni mama yangu, kompyuta niliiacha kwake, kesi imekwisha. Neno moja tu la kumwokoa, na neno lenyewe ni mimi. Naye hataki kulisema.

Glenys leo hakutania. Kanikumbatia tu pale uani.

Jumapili, 12 Februari

Swali bado halina jibu. Wanaotaka afukuzwe tisa, wanaomtetea wanne.

Lakini ukurasa wa kumi na nne! Nimeufungua kwa mazoea tu. Mistari yangu sita imerudi! Aliyeirudisha: TamReli. Hakugusa kitu ila neno moja. Nyeupe amelifuta. Ameandika kijani.

Sasa wamemvaa. Eti kachanganyikiwa, skafu ya Bi Odel ni nyeupe vipindi vyote, mtoto mdogo anajua! Bwana Ishara anamwuliza kijani hicho alikionea wapi.

Najua alikionea wapi. Kilikuwa nyumba moja tu duniani, kwenye kochi moja, mbele ya ile TV mbovu ya Col.

Nimeandika: Ni kweli, Tam, ilikuwa kijani. Nimemsomea Glenys dirishani, naye anapiga kelele kutoka kwenye ua, "Noeleen, usiguse! Mkikubaliana ndio watasema ni mtu mmoja!"

Saa sita kasoro robo. Perth ni saa tatu na robo—sijui amekunywa chai. Chini ya swali la Bwana Ishara pametokea vinukta vitatu. TamReli anaandika. Vinazimika. Vinawaka tena.

Sijabonyeza Tuma. Kidole kiko hapa