Mheshimiwa Alinishika Mkono

Bwenini, 9 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi mzima. Kikohozi kimeisha na dawa uliyonipa imebaki nusu chupa. Wewe je, masikio yameacha kuziba? Na mguu uliogongwa na kitoroli cha chai, unaukanyagia sasa?

Mama, naomba usikasirike. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jibu langu. Nilikuuliza jambo moja tu. Ukanijibu kurasa tatu za yule mwigizaji aliyevua viatu ndani ya ndege akapandisha miguu kwenye kiti cha mbele, na kucha zake zilivyopakwa rangi mbili tofauti. Barua ya kabla yake ilikuwa ya mchezaji mpira aliyekula trei nne. Ya kabla ya hiyo, balozi anayekoroma. Sasa kucha za mtu asiyenijua nazijua kuliko wewe unavyokijua kitanda changu. Ni cha chini, karibu na mlango, kama utapenda kujua.

Narudia swali. Huku wanaongea ile lugha nyingine toka kengele ya asubuhi mpaka taa zinapozimwa. Darasani siogopi, naandika vizuri, majibu napata. Tabu ni mezani. Mtu akinisemesha, jibu linanijia kwa Kiswahili kwanza. Mpaka niligeuze, nilinyooshe, wenzangu wameshanyanyua sahani. Hii ni wiki ya tano. Jina la Kimya ulinipa kwa utani, huku limekuwa kweli. Msichana wa kitanda cha juu yangu, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alimuuliza matroni mbele yangu kama mimi ni bubu.

Nifanyeje? Hilo tu. Usinijibu kwa mtu maarufu.

Kimya wako


Chumba cha wahudumu, uwanja wa ndege, 18 Februari

Marahaba Kimya wangu,

Mguu umepona, masikio ndiyo hayo hayo. Umenisema na nimesemeka. Nikikaa kuandika natafuta habari, na za kwangu ni kufunga milango, kufungua milango, na kulala kwenye hoteli ambazo mapazia yake yote yanafanana. Ndiyo maana nakuandikia za watu. Haya, jibu lako: fungua mdomo, sema chochote. Chochote, mwanangu. Watu hawapimi ulichosema, wanataka kusikia sauti tu. Mimi siku yangu ya kwanza kazini nilimkaribisha abiria mmoja ndani ya ndege mara mbili, na mara ya pili alikuwa anashuka.

Sasa niruhusu moja tu, maana nisipoisema nitapasuka.

Unamjua yule Mheshimiwa wa "waoga wakae nyumbani". Hakuna asiyemjua, mabango yake yako kila nguzo. Jumanne tulikuwa naye, safari ya kawaida kabisa, abiria mia na ushee, yeye peke yake kule mbele, mstari wa pili dirishani. Kule mbele tulikuwa wahudumu wawili, mimi na Kidoti, yule mdogo wangu wa kazini mwenye kidoti juu ya mdomo. Mheshimiwa aliingia hajibu salamu. Koti alimpa Kidoti bila kumtazama, kama anayelitundika kwenye msumari.

Saa moja baadaye tukaingia kwenye wingu. Ndege ikarushwa juu, ikaachiwa, ikarushwa tena. Rubani akaamuru hata sisi tuketi. Nikajitupa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yake, nafunga mkanda, nikahisi mkono umenikamata. Kutazama, ni yeye. Macho amefumba, jasho linamwingia kwenye kola. Mzee wa miaka sitini na kitu ananiambia, "Mama, usiniache." Nikamwambia siendi popote. Akaniomba nimhesabie. Nikahesabu moja mpaka mia, tukarudi mpaka moja, tukaanza tena. Dakika arobaini, Kimya. Magurudumu yalipogusa chini akauachia mkono, akanyoosha tai, akashuka bila kwaheri. Vidole vyangu vilibaki na alama ya pete yake.

Haya ni ya sikio lako tu. Kazini tumetia saini kwamba ya ndani ya ndege hubaki ndani ya ndege. Kidoti ameona, wewe umeambiwa, basi.

Mama yako


Bwenini, 8 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini hujambo na masikio pia hayajambo. Mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa huku. Nilifungua mdomo kama ulivyoniambia, na imefaa. Sasa nakaa meza ya katikati. Jana Redio alinishikia nafasi.

Sina muda wa kuandika mengi, mitihani iko mlangoni, kisha ni likizo fupi. Wanaokaa karibu watakwenda kwao, mimi nitabaki na wale wa mbali. Halafu Mama, nilikukataza kuniandikia watu maarufu. Nimebadili mawazo. Ukimpata mwingine, niandikie.

Kimya wako


Nyumbani, 6 Aprili

Kimya,

Marahaba. U mzima? Mimi nakula vizuri, kulala ndiyo shida.

Huko simu hamruhusiwi, kwa hiyo labda hujaona. Kuna kijana amejirekodi amevaa tai, ameshika mto kama mkono wa mtu, anahesabu moja mpaka mia kwa sauti ya Mheshimiwa. Katikati anasimama, analia, anasema, "Mama, usiniache." Kila mwenye simu ameiona. Wapakia mizigo wakinipita uwanjani wananihesabia.

Ofisi ya Mheshimiwa imeiandikia kampuni barua kali. Tukaitwa mimi na Kidoti, kwa kuwa ni sisi wawili tu tuliokuwa mbele. Kila mmoja chumba chake na karatasi yake. Nikajiuliza kwa haki ya Mungu nimemwambia nani. Nimemwambia mwanangu, na mwanangu ni kaburi. Hata ukimkanyaga mguu haombi uutoe. Basi amebaki nani? Nikaandika kwamba mimi sijasema, na kwamba Kidoti simu haimtoki mkononi.

Wamemsimamisha kazi na sare wamechukua. Kikao ni tarehe 20. Wakimtia hatiani anafukuzwa, na kampuni nyingine haitamgusa. Amenipigia analia kwamba si yeye. Nikamkatia. Nimechoka, mwanangu. Miaka minne tunakula trei moja, kumbe mdomo wake ni mlango wa soko.

Wewe usijali haya. Niambie tu unaendeleaje.

Mama yako


Bwenini, 11 Aprili

Shikamoo Mama,

Pole sana kwa mambo ya kazini. Mimi mzima. Huku mvua zimeanza na nguo hazikauki. Hesabu nimepata sabini na moja.

Kimya wako


Bwenini, 13 Aprili

Mama,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaitika.

Ile barua ya mvua ukiipata itupe. Mvua hata haijanyesha.

Ni mimi niliyesema.

Ilikuwa Jumamosi mchana, tumekaa kwenye ngazi za bweni tunasubiri nguo zikauke. Redio akaniuliza barua ndefu vile ananiandikia nani, na huwa namjibu kwa vidole au vipi. Wenzake wakacheka. Nikakumbuka ulichoniambia, niseme chochote. Nikaifungua barua yako nikaanza kuisoma, naigeuza papo hapo kwa lugha yao. Sikukwama hata neno. Labda ni kwa sababu maneno yalikuwa yako, si yangu, kwa hiyo sikuogopa yatapokelewaje. Nilipofika kwenye "Mama, usiniache" nikaigiza sauti. Mimi, Mama, nilikaa mbele ya watu nikaigiza sauti. Walicheka mpaka matroni akatoka kutazama. Wakaniomba nirudie. Nimerudia mara tatu kwa siku tofauti, na mara ya tatu nikaongeza kwamba alilia. Wewe hukuandika kwamba alilia. Nilimliza mimi.

Ile sentensi ya sikio langu tu, niliiruka. Nataka ujue kwamba niliiona, nikairuka. Nisije nikasema sikujua.

Likizo fupi Redio aliwaigizia kwao. Yule kijana wa tai ni kaka yake. Nimejua toka tarehe 25 mwezi uliopita waliporudi, kwa maana Redio alikuja anajisifu. Nikajiambia nchi ni kubwa, haitafika kwako. Halafu ikaja barua yako, nikasoma "mwanangu ni kaburi", nikaenda chooni nikakaa mpaka kengele ikalia.

Jana matroni alinipa simu ya ofisi. Ulipokea, nikasikia unasema halo, halo, nani wewe. Nikakata. Ndiyo mimi huyo. Hii barua inaondoka leo kwa basi la vifurushi, matroni ameipeleka mwenyewe, ili ikufikie kabla ya kikao.

Kidoti hajamwambia mtu. Ukinyamaza, atafukuzwa yeye kwa kosa langu. Ukisema, sijui watakufanya nini wewe. Hata sijui nakuomba nini. Nimekuambia tu.

Mwanao


Nyumbani, 22 Aprili

Marahaba. Nimeitika kwa sababu salamu ni salamu, si kwa sababu hasira zimeisha.

Bahasha ilinifikia tarehe 19 navaa skafu ya kazi. Niliisoma nimesimama, skafu imefungwa nusu. Hasira ya kwanza ilikuwa yako. Ya pili ilikuwa ya huyo Redio na ukoo wake mzima. Nilipanda nazo ndege, kwenda na kurudi, nikawa namimina chai nje ya kikombe. Abiria mmoja akaniuliza, dada, hicho kikombe kimekukosea nini. Tulipotua ikaja ya tatu, ikawa yangu mwenyewe, na hiyo bado ninayo. Wewe ulisoma. Aliyeandika ni mimi. Nilitia saini karatasi ya kampuni, nikaivunja kwa kalamu, nikamtwika mtoto wa miaka kumi na sita siri ya watu wazima, kisha nikaapa kwamba mtoto huyo ni kaburi ili nimzike mwenzangu.

Kikaoni walikuwa watu watano na jagi la maji. Kidoti alikaa kiti cha pembeni na gauni la nyumbani, maana sare wanayo wao. Nikaulizwa kama nina la kuongeza kwenye maelezo yangu. Nikasema, "Aliyetoa habari ni mimi. Nilimwandikia mwanangu." Mwenyekiti akauliza, basi kwa nini nilimtaja mwenzangu. Nikamwambia ilikuwa rahisi kuliko kumshuku mwanangu.

Kidoti amerudishiwa sare. Mimi wameniteremsha. Mwaka mzima niko chini, kwenye dawati la mizigo iliyopotea, kisha wataangalia kama naweza kupanda tena. Kila anayenijia amekasirika kabla hajafika. Leo mzee mmoja amenieleza rangi ya sanduku lake kwa robo saa, na kumbe alikuwa amelikalia.

Baada ya kikao nilimfuata Kidoti kwenye ngazi kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Akayasikiliza yote mpaka mwisho, akaniambia, "Dada, ungeniuliza tu." Akashuka. Jana alipita mbele ya dawati langu anavuta sanduku lake, hakugeuza shingo. Simlaumu.

Na yule mzee wa watu naye. Mabango yake siyapendi na salamu hajui, lakini aliniomba nisimwache, nikamwambia siendi popote.

Sitaki barua ya pole. Ninachotaka ni hiki: hii nayo uwasomee. Pale pale kwenye ngazi, kwa lugha yao, kwa hiyo sauti uliyoipata. Yote, mpaka jina langu. Usiruke sentensi, wewe fundi wa kuruka. Wakicheka, waache wacheke.

Mama yako


Bwenini, 30 Aprili

Shikamoo Mama,

Mimi mzima. Nimewasomea, Jumamosi baada ya kufua.

Walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, walidhani umempata mtu maarufu mwingine. Mwanzoni walicheka, pale kwenye chai. Redio aliposikia ukoo wake umetajwa akasema "sisi?", akawatazama wenzake, kisha hakusema tena, na wewe humjui lakini hilo si jambo dogo.

Safari hii nilikwama karibu kila mstari. Nilikuwa nasimama, natafuta neno, wananisubiri. Maneno ya Kidoti ni mepesi, kwa lugha yao mtoto wa darasa la kwanza anayajua, lakini yalikataa kutoka. Nikayasoma kwa Kiswahili kama alivyoyasema. Hakuna aliyeniuliza maana yake.

Nilipofika kwenye "wakicheka, waache wacheke" nikatulia, nikawapa nafasi. Hakucheka mtu. Mmoja wa nyuma akauliza kama imeisha. Nikamwambia bado kuna jina.

Nikasoma: Mama yako.

Mwanao