Bei ya Bara

Manyoni,
9 Oktoba 1993

Kaka yangu Nathan,

Shikamoo. Zipokee salamu zangu kwa mikono miwili, ingawa ukimaliza kusoma unaweza kutamani kunirudishia. Hujambo wewe, hawajambo majirani, na kazi zinakwendaje? Sisi huku tu wazima. Mama ni mzima kabisa, juzi amekwenda Itigi na kurudi siku hiyohiyo, tena na mzigo kichwani. Khanga uliyomtumia aliivaa Jumapili kanisani na watu walimsifu. Zile chupa tatu za dawa amezipanga dirishani, na kila siku ananiuliza ni za mgonjwa gani. Hilo nitalifikia, kaka, usiniharakishe.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Hii ni mara ya nne naianza barua hii. Ya kwanza niliichana Mama alipopita nyuma yangu, ya pili na ya tatu sijui hata nilizitupa wapi. Sasa naandika hapa stesheni, kwenye kaunta ya mizigo, nimesimama, maana kukaa chini siku hizi kunanishinda. Hata chakula nakula nikitembea, Mama anasema nimekuwa kuku. Paskali wa mayai anaondoka na treni ya leo. Tangu vizuizi vya njiani viondolewe anapeleka mayai mpaka Unguja, na amekubali kukukabidhi barua hii mkononi, asimwachie mtu.

Barua yako niliipata Jumatano. Nimefurahi kusikia kwamba tangazo letu la redioni bado linaleta watu, na kwamba hata yule mwenye nyumba ya wageni kule Mbweni amekuja kuulizia. Umeniuliza narudi lini, kwa sababu niliomba wiki tatu na sasa ni miezi miwili. Umeuliza kwa upole mpaka nimeona aibu. Ungenitukana ningepumua.

Acha nikueleze kwanza nilichokuwa nafanya huku. Kukaa bure sikuweza, nikachora kibao nikakitundika njia ya kwenda sokoni. Unguja tulijiita Mafundi wa Bara, huku nimejiita Fundi wa Unguja. Cheka tu. Mahali popote watu wanapenda fundi aliyetoka mbali, hiyo nimeijua. Ila Manyoni ni wagumu, wanasoma kibao halafu wananiuliza Unguja nimejifunza kitu gani ambacho marehemu baba alishindwa kunifundisha.

Wa kwanza kunipa kazi ni Mama Agripina, yule mjane aliyefungua mashine ya kukamua alizeti nyuma ya stesheni. Alitaka ghala lake liezekwe kabla ya mvua. Bati nilikuta ameshanunua mwenyewe, misumari pia, wala hakutaka kusikia habari ya bei yangu nzuri. Nilifanya kazi siku sita. Kaka, sijawahi kuezeka vizuri namna ile, nilikuwa napigilia kama mtu anayefukuzwa.

Nilipomaliza akasema ghala lijaribiwe kama alivyokuwa anafanya marehemu baba, Mzee Mughwai. Nikafurahi, maana jambo hilo nalijua. Wewe na mimi tumekua tukiliona: huku kiangazi ni kirefu na mteja hawezi kungoja mvua ndipo alipe, kwa hiyo baba alikuwa anavaa shati jeupe, anakaa ndani kwenye kigoda, na watu wanapandisha ndoo za maji na kulimwagia paa. Shati likitoka kavu, kazi imepokelewa. Nikavaa shati, nikachukua kigoda, nikakiweka katikati ya ghala, nikakaa.

Mama Agripina akaniambia niinuke. Akazunguka ghala zima akiangalia juu, kisha akakibeba kigoda mwenyewe mpaka pembeni kabisa, pale bati za pande mbili zinapokutana, akaniambia nikae hapo. Alisema baba hakuwa anajichagulia mahali pa kukaa, mwenye nyumba ndiye anayechagua, na kama mimi nimesahau basi yeye hajasahau. Wafanyakazi wake walimwaga ndoo kumi na nne. Halikudondoka tone. Watu wakapiga makofi, na mimi nikabaki nimekaa palepale kigodani, mpaka wakadhani nina malaria.

Sasa nisikilize, kaka. Nimezunguka sana, basi.

Unakumbuka tulivyofika Unguja, mwaka juzi. Tulikuwa na nyundo mbili na ngazi ya kuazima, na hakuna aliyetujua. Bi Mwanakheri wa Mwembemakumbi ndiye aliyetupa chumba cha uani, akatuambia tutalipa tukipata. Mafundi walikuwa wamejaa, kila aliye na ndugu Arabuni anatumiwa pesa za kujenga. Ni mimi niliyesema tuoneshe watu shati jeupe la baba, na ni mimi niliyeandika kwenye kibao BEI YA BARA, KAZI YA BARA. Wewe ulipinga. Ulisema kila bati linalofika kisiwani limelipa meli, limelipa bandari, limelipa hamali, na mtu hawezi kuuza kwa bei ya bara kitu alichonunua kwa bei ya kisiwani. Nikakuita mwoga mbele ya watu. Halafu wateja wakaja, ukanyamaza, nami nikajiona nina akili kuliko wewe.

Mwaka huu masika yalipokwisha, Bi Mwanakheri alipotaka nyumba yake iezekwe upya, nilimpa bei ya kwenye kibao. Ningewezaje kumpa nyingine, mtu aliyetulaza bure? Upande wa mbele tuliuezeka pamoja. Kisha ukaenda Chukwani siku tatu kwenye ile kazi ya msikiti, ukaniachia upande wa nyuma. Bati zilitosha na misumari ilitosha. Mimi nikatoa bati tano na nusu ya misumari, nikaviuza Darajani, na fedha yake ndiyo iliyolipia tangazo la redioni. Nilikudanganya kwamba walitukopesha nafasi.

Ili bati zilizobaki zifike, nilizipandanisha kidogo mno, mgongo mmoja badala ya miwili. Palipokosa misumari ya bati nilipiga misumari ya kawaida, na chini ya vichwa vyake nikaweka vipande nilivyokata kwenye ndala kuukuu. Unajua jua la kule. Vipande vile vimeshakauka na kupasuka zamani.

Na siku ya kujaribu, mimi ndiye nilikuwa juu ya ngazi nikipokea ndoo. Nilikwambia ukae ukumbini ili watu wakuone vizuri kutoka barazani. Ulikaa pale na shati lako, mtaa mzima unaangalia, na mimi nikamwaga maji yote upande wa mbele. Walipokushangilia ulitoka nje unacheka, ukanishika bega ukasema laiti baba angeona. Wateja watatu walitupa kazi hapohapo kwa sababu ya uso wako, kaka. Wanakuamini wewe, mimi nilikutumia tu.

Simu ya kwamba Mama anaumwa haikuwapo. Niliitunga mwenyewe. Nilihesabu nikaona vuli inakaribia, nikakimbia ili paa lile litakapovuja niwe mbali, wewe ukiwa peke yako chini ya jina letu. Nilikuwa nimeamua hivyo, sitaki kukuficha. Ningekaa huku, ningekuachia aibu yote, na huenda ningeizoea.

Lakini barua yako imenieleza kwamba binti yake Bi Mwanakheri amejifungua, na kwamba wamemlaza na mtoto chumba cha nyuma kwa sababu kule kuna utulivu na paa ni jipya. Umeandika kwa furaha, umesema bibi anawaonesha wageni lile paa na kutaja majina yetu. Tangu Jumatano sijakaa chini.

Kwa hiyo, kaka, kabla hujafanya lolote, wahamishe. Mama na mtoto waende chumba cha mbele leo hiihii. Wewe usipande kule juu, mbao za pembeni nazo sikuzitazama vizuri. Mwambie Bi Mwanakheri ukweli wote na utaje jina langu peke yake. Kibao kishushe. Mimi nimeuza baiskeli, fedha napewa kesho, naondoka na treni inayofuata. Nitashuka Dar kununua bati na misumari inayostahili, halafu nivuke. Nikifika nitaezeka upande ule upya, na mahali pa kukaa atachagua bibi. Hasira zako nitazikuta, sitazikimbia.

Naona nimeanza na salamu kama tulivyofundishwa, na jambo la haraka nimelifikisha kwenye ukurasa wa mwisho. Kuandika tena siwezi, wanasema treni imeshaondoka Itigi. Juu ya bahasha nimeandika kwa herufi kubwa kwamba uanze kusoma ukurasa huu. Na kama hata sasa unaona wingu, iache barua, nenda.

Nisalimie wote wanaoniuliza. Mama Agripina anakusalimu. Mama naye anakusalimu sana, anasema ujitunze. Mimi nilimweleza yote jana, na leo nimempa shikamoo mara tatu, hajaitikia.

Mdogo wako,
Chediel Mughwai